Mtaguso, Misale au mazoea? Kufumua malalamiko ya Mkatoliki wa mapokeo parokiani Moshi

Ukikaa na waumini wa makamo huko Kilema, Kibosho au Rombo, kwenye mlima Kilimanjaro, utasikia lalamiko moja lenye matawi mengi: Misa ya siku hizi si ile waliyolelewa nayo. Kwaya inashindana na spika zake, matangazo yanayazidi mahubiri kwa urefu, watu wanapokea Komunyo kama wanaopokea chenji dukani, na majina ya wasiomaliza zaka yanasomwa kanisani. Kisha inatolewa hukumu ya jumla: Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu wa dunia nzima wa miaka ya 1960, ndio uliotufikisha hapa.

Uchungu huo ni wa kweli. Kasoro iko kwenye hukumu, kwa sababu imefunga mzigo mmoja wa vitu vinne tofauti. Kuna mambo ambayo Mtaguso wenyewe uliagiza. Kuna ruhusa zilizotolewa baadaye, tena kwa masharti. Kuna makosa yaliyokatazwa kwa maandishi. Na kuna mazoea ya parokia ambayo hayakuandikwa popote, yamekaa tu mpaka yakaonekana sheria. Asiyevitenganisha hugombana na paroko kwa jambo lililoruhusiwa, halafu akanyamazia lile ambalo ana haki kamili ya kulidai.

Tuanze na Mtaguso. Hati yake ya Liturujia, yaani ibada rasmi ya Kanisa, iitwayo Sacrosanctum Concilium, ilitangazwa tarehe 4 Desemba 1963 baada ya maaskofu 2,147 kuikubali na 4 kuikataa. Kardinali Laurean Rugambwa wa Bukoba alikuwa miongoni mwa mababa wa Mtaguso huo. Namba 36 inasema matumizi ya Kilatini yadumishwe, ila lugha za watu zinaweza kupewa nafasi pana zaidi. Namba 54 inataka waumini waweze kusema au kuimba kwa Kilatini sehemu za Misa zinazowahusu. Namba 116 inaupa wimbo wa Kigregoriani, ule uimbaji wa kale wa Kanisa kwa Kilatini, nafasi ya kwanza, mambo mengine yakiwa sawa. Na namba 22 inamkataza kila mtu, hata padre, kuongeza, kupunguza au kubadili kitu katika Liturujia kwa utashi wake. Mzee anayelilia Kilatini na adabu ya altare anaweza kuishika hati hiyo mkononi na kusema: someni hapa.

Padre kusali akiwaelekea watu pia hakumo katika hati hiyo. Agizo la utekelezaji la mwaka 1964 ndilo lililosema altare itengwe na ukuta ili iweze kuzungukwa na Misa iweze kuadhimishwa kwa kuwaelekea watu. Misale mpya, yaani kitabu cha sala na taratibu za Misa, iliyoanza kutumika tarehe 30 Novemba 1969, bado inamwelekeza padre kuwageukia watu anaposema "Salini, ndugu", jambo ambalo halina maana kama anawatazama tangu mwanzo. Mwaka 2000 Roma ilijibu swali kuhusu hili: kuwaelekea watu kunapendekezwa inapowezekana, na kuelekea altare pamoja na watu hakujafutwa. Hata hivyo paroko asiyetaka kugeuka hajavunja sheria yoyote. Hapo huna kesi, una ombi tu.

Jambo linalochanganya kuliko yote ni "Misa ya Kilatini", maana chini ya jina hilo kuna Misa mbili. Ya kwanza ni Misa hii hii tunayosali kila Dominika, iliyotolewa na Papa Paulo VI, ikisomwa katika lugha yake ya asili. Kanuni ya 928 ya Sheria za Kanisa inaruhusu Ekaristi iadhimishwe kwa Kilatini au kwa lugha nyingine ambayo matini yake yamepitishwa. Padre anaweza kuisali bila kibali cha pekee, akizingatia tu ratiba ambayo parokia imeshaitangaza kwa lugha ya watu. Ya pili ni Misa ya Misale ya mwaka 1962, ile iliyokuwapo kabla ya mageuzi. Hiyo ina historia ndefu ya kufunguliwa na kufungwa. Mwaka 2007 Papa Benedikto XVI alilegeza masharti, na tarehe 16 Julai 2021 Papa Fransisko aliyakaza tena kwa hati ya Traditionis Custodes. Kwa hati hiyo askofu wa jimbo ndiye mwenye mamlaka ya kuruhusu, vikundi vipya visianzishwe, mahali pasiwe kanisa la parokia, na masomo yasomwe kwa lugha ya watu. Tangu Februari 2023 kibali cha kutumia kanisa la parokia kimewekwa mikononi mwa Roma. Kwa hiyo anayemwendea paroko wa mlimani kumwomba Misa ya 1962 anamwomba kitu ambacho paroko hana. Anayemwomba Misa ya kawaida kwa Kilatini, au hata "Bwana utuhurumie", "Mtakatifu" na "Mwanakondoo" tu kwa Kilatini, anaomba kitu kilicho ndani ya uwezo wake.

Kuna uzi mmoja hapa ambao watu wa Kilimanjaro wanapaswa kuujua. Misioni ya Kilema ilianzishwa mwaka 1890 na mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, na hao ndio walioipanda imani mlima mzima. Askofu Mkuu Marcel Lefebvre, aliyekuja kuwa kiongozi wa waliokataa mageuzi, alikuwa wa shirika hilo hilo, akalisimamia kama mkuu wake wa dunia kuanzia 1962 hadi 1968. Tarehe 30 Juni 1988 aliwaweka wakfu maaskofu wanne bila idhini ya Papa, na adhabu ya kutengwa ikafuata. Benedikto XVI aliwaondolea maaskofu hao wanne adhabu hiyo Januari 2009. Baadaye Papa Fransisko aliwapa mapadre wa undugu (jumuiya ya mapadre) alioanzisha Lefebvre uwezo wa kuungamisha kihalali, lakini hadhi ya undugu huo ndani ya Kanisa ilibaki bila kukamilishwa. Kupenda Kilatini hakumfanyi mtu kuwa mfuasi wa Lefebvre. Paroko anayempa muumini jina hilo kwa sababu ameomba Kigregoriani anamkosea.

Sasa Komunyo. Kabla ya kutoa hati yake ya mwaka 1969, Paulo VI aliwauliza maaskofu wa dunia kama kupokea mkononi kuruhusiwe. Waliokataa walikuwa 1,233, waliokubali hawakufika 600, na 315 walikubali kwa masharti. Hati hiyo ikabakiza ulimi kuwa kawaida, ikafungua mlango wa mkono kwa nchi ambazo baraza lake la maaskofu lingeomba. Ndiyo maana Redemptionis Sacramentum, agizo la Roma kuhusu Ekaristi la 25 Machi 2004, linatofautisha: kupokea kwa ulimi ni haki ya kila muumini daima, kupokea mkononi ni ruhusa pale ilipotolewa, na pakiwa na hatari ya kudhalilisha Ekaristi mkono usitumike. Agizo hilo hilo linakataza kumnyima mtu Komunyo kwa sababu tu amepiga magoti, au kwa sababu tu amesimama. Wanaopokea mkononi kwa uchaji wasidharauliwe, nao wanaopiga magoti wasisukumwe mgongoni na foleni.

Makosa mengi hapa ni ya mwili, hayatokani na imani haba. Anayepokea kwa ulimi aseme "Amina" kwanza, kisha ainue uso kidogo, afungue kinywa wazi, ulimi ukae juu ya mdomo wa chini, atulie. Akisema "Amina" huku padre ameshanyoosha mkono, au akifungua kinywa nusu, vidole vya padre vinagusa mate, na hapo ndipo hofu ya maambukizi inapozaliwa. Anayepokea mkononi aweke kiganja kimoja juu ya kingine, vyote wazi, ale palepale kabla ya kupiga hatua, kisha akitazame kiganja. Chembe nyeupe ikibaki, ailambe. Asiipanguse kwenye suruali au kitenge. Kuichukua Hostia kwa vidole kutoka mkononi mwa padre hakuruhusiwi. Patena, sahani ndogo ya kukinga chini ya kidevu, nayo haijafutwa: namba 93 ya agizo hilo inasema ibaki. Mtumishi aishike bapa. Akiinamisha, au akienda nayo mbio kurudi sakristia ikiwa imening'inia, chembe zinaanguka, na kazi yake yote imekuwa bure.

Wahudumu wa Komunyo wasio mapadre, mara nyingi masista na makatekista, ni ruhusa kwa ajili ya uhitaji. Uhitaji huo mlimani upo. Krismasi Wachaga wanaporudi nyumbani, kanisa linajaa mpaka watu wanasimama chini ya migomba, na padre huyo huyo ana kigango kingine, yaani kanisa dogo la tawi la parokia, kinamsubiri. Sheria inamruhusu Misa hadi tatu siku ya Dominika na sikukuu, kwa kibali, na wengi wanafikia kikomo hicho. Kosa ni pale mapadre watatu wanapoketi kwenye viti vyao huku walei wakigawa. Hilo limekatazwa waziwazi. Mhudumu naye asisogee altareni kabla padre hajakomunika, na asijichukulie siboria, chombo cha Hostia. Apewe na padre.

Kuhusu ngoma na kucheza, nasimama tofauti na wenzangu wengi wa mapokeo. Agizo la Roma la Januari 1994 kuhusu utamadunisho, yaani kuoanisha ibada na utamaduni wa watu, linakiri kwamba kwa baadhi ya watu wimbo huenda pamoja na makofi, kuyumba na hatua za kucheza, na kwamba haya yana nafasi katika ibada yakiwa sala ya kweli ya jumuiya, yasiwe maonyesho. Watoto wa Utoto Mtakatifu, chama cha watoto Wakatoliki, wanaosindikiza maandamano wakiwa na mavazi meupe hawajavunja kitu. Pima hivi: wakimaliza, macho ya watu yako altareni au kwenye simu zilizoinuliwa kuwapiga picha? Likiwa la pili, ibada imeshageuka jukwaa.

Kosa lenyewe la kwaya liko kwenye maneno, nalo husikika mara chache kwa sababu muziki ni mtamu. Maelekezo ya Jumla ya Misale, namba 53, yanakataza kuubadilisha Utukufu kwa maneno mengine, na namba 366 inakataza kuweka wimbo mwingine mahali pa nyimbo zilizomo katika utaratibu wa Misa, kwa mfano Mwanakondoo. Kwaya ikiimba "Utukufu" ulioruka "uliye peke yako Mtakatifu" ili beti zilingane, hapo limevunjwa jambo kubwa kuliko ngoma yoyote. Ndivyo ilivyo pia kwa wimbo wa amani. Barua ya Roma ya tarehe 8 Juni 2014 inasema wimbo huo haupo katika Liturujia ya Kirumi, inakataza waumini kuhamahama kutoka nafasi zao, na inamtaka padre asiondoke altareni kwenda kusalimia. Kinachotokea kwetu ni kwamba wimbo wa amani unarefuka, padre anaumega Mwili wa Kristo kanisa likiwa bado linapeana mikono, na Mwanakondoo unasukumwa harakaharaka au unapotea kabisa. Tiba ni ndogo: mwalimu wa kwaya aufute wimbo wa amani kwenye karatasi yake, aanze Mwanakondoo padre anapoishika Hostia kuimega.

Nafika kwenye fedha, na hapa ndipo watu wanapoumia hasa. Wajibu wa kulitegemeza Kanisa upo, kanuni ya 222 inautaja. Parokia haina mfuko mwingine wa kuezekea kigango au kumwekea padre mafuta ya kupandia mlima. Lakini wajibu huo una mpaka. Kanuni ya 848 inamkataza mhudumu kudai zaidi ya matoleo yaliyopangwa na mamlaka husika, na kumtaka ahakikishe fukara hakosi sakramenti kwa sababu ya ufukara wake. Kanuni ya 843 inataja masharti ya kupewa sakramenti: kuiomba kwa wakati unaofaa, kuwa na maandalizi yanayostahili, na kutozuiwa na sheria. Kadi ya zaka iliyojazwa haimo.

Barua ya jumuiya, ile ambayo mzazi hudaiwa kabla mtoto hajabatizwa, inahitaji kuelezwa kwa haki. Jumuiya ndogo ndogo ziliwekwa kuwa kipaumbele cha kichungaji na maaskofu wa Afrika Mashariki miaka ya 1970, na ni chombo chema: paroko mwenye maelfu ya waumini hawezi kumjua kila mzazi anayeleta mtoto. Kwa ubatizo wa mtoto, kanuni ya 868 inadai ridhaa ya walau mzazi mmoja na tumaini la kweli kwamba mtoto atalelewa Kikatoliki. Mwenyekiti wa jumuiya anaweza kushuhudia tumaini hilo. Tatizo huanza anapotumika kama mkusanya madeni, akikataa kuandika barua mpaka mchango wa ujenzi ukamilike. Hapo ameacha kujibu swali la sheria, yaani kama familia hii inaishi imani, na kujibu swali la kitabu cha mapato. Tena hata tumaini likikosekana, sheria inasema ubatizo uahirishwe na wazazi waelezwe sababu.

Mazishi ndiyo magumu zaidi. Wanaonyimwa maziko ya Kanisa wametajwa katika kanuni ya 1184: walioasi imani, wazushi na waliofarakana na Kanisa, wote hadharani, waliochagua kuchomwa kwa sababu zinazopingana na imani, na wadhambi wa wazi ambao kuzikwa kwao Kikanisa kungewakwaza waumini, wasipoonyesha dalili yoyote ya toba kabla ya kufa. Pakiwa na shaka, aulizwe askofu. Aliyelega jumuiyani au aliyedaiwa zaka hakutajwa. Familia inayoambiwa "hakuwa hai katika jumuiya" iulize kwa upole neno hilo linaangukia kipengele kipi, na kama paroko ana shaka, iombe suala lipelekwe kwa askofu siku hiyo hiyo. Kifo hakisubiri kikao.

Upande wa pili, ndugu nasi tuna la kurekebisha msibani. Misale inakataza mahubiri ya mazishi kugeuka sifa za marehemu. Wasifu, salamu za ukoo, za kazini na za kikundi cha kufa na kuzikana zikiingizwa zote ndani ya Misa, saa mbili zinaisha na padre anaharakisha buriani, sala ambayo marehemu anaihitaji kuliko salamu zote. Salamu zisomwe nyumbani kabla ya Misa, au baadaye pale kihambani, kwenye shamba la nyumbani, kaburi likishafukiwa.

Matangazo, kwa mujibu wa namba 90 ya Maelekezo ya Jumla, ni mafupi na pale tu yanapohitajika, baada ya sala inayofuata Komunyo. Kusoma majina ya wadaiwa kunagusa kanuni ya 220, inayolinda jina jema la mtu. Mnada wa mikungu ya ndizi, kuku na mbuzi ni jambo la heri, na wengi hutoa kwa furaha. Unaharibika unapofanywa kabla ya baraka ili watu wasiondoke. Padre atoe baraka, awaruhusu watu waende, mnada uanze uwanjani. Ni kweli wengine watatoka getini na kikapu cha fedha kitapungua. Hiyo ni gharama ya kutoifanya baraka kuwa kufuli. Na wakati wa vipaji, mkate na divai vifike mikononi mwa padre. Ndizi na mbuzi vikae pembeni, mbali na altare, kama namba 73 inavyoelekeza.

Niongeze kidogo kuhusu vitu tunavyovipenda ambavyo si sheria. Wanawake kufunika kichwa kulikuwa katika Sheria ya 1917, hakumo katika ile ya 1983. Kufunga tangu usiku wa manane kabla ya Komunyo kulishaondolewa. Sasa ni saa moja, maji na dawa haviharibu, na wazee na wagonjwa wanasamehewa. Endelea navyo kama ibada yako. Usimpimie navyo jirani.

Anayetaka kulalamika kihalali anayo njia. Kanuni ya 212 inawapa waumini haki, na wakati mwingine wajibu, wa kuwaeleza wachungaji maoni yao kwa heshima. Usimkabili padre sakristia baada ya Misa ya pili, wakati anavua kasula akiwahi kigango. Omba miadi katikati ya wiki, nenda na jambo moja, si kumi. Lisipopata jibu, andika barua: tarehe, saa ya Misa, kilichofanyika, namba ya agizo lililovunjwa, majina ya mashahidi wawili. Usiandike kwamba "Baba Paroko hana imani"; nia yake huijui, na sentensi hiyo moja inatosha kuitupa barua nzima. Nakala baki nayo. Hatua inayofuata ni askofu wa jimbo. Namba 184 ya Redemptionis Sacramentum inampa kila Mkatoliki haki ya kulalamika kwake kuhusu matumizi mabaya ya Liturujia, au kwa Roma, lakini inashauri kuanzia kwa askofu, na daima kwa ukweli na upendo.

Anayetaka kujenga ana pa kuanzia pia. Mwaka 1974 Paulo VI aliwatumia maaskofu kijitabu cha nyimbo chache rahisi za Kigregoriani ambazo kila muumini angepaswa kuzijua. Ndani yake mna Kyrie (Bwana utuhurumie) ya Misa ya XVI, na Sanctus (Mtakatifu) na Agnus Dei (Mwanakondoo) za Misa ya XVIII, namba hizo zikiwa za mafungu ya nyimbo za Kigregoriani. Sauti zake hazipandi juu, hazihitaji kinanda, na wazee wengi wana masikio yaliyowahi kusikia nyimbo za namna hiyo. Mwombeni paroko kipindi cha Kwaresima: Utukufu hauimbwi, na ala za muziki wakati huo ni za kushikilia uimbaji tu, isipokuwa Dominika ya nne, sherehe na sikukuu. Wiki mbili za kwanza fundisheni Kyrie peke yake, dakika 10 kabla ya Misa, mwimbaji mmoja akianza na watu wakirudia. Wiki ya tatu ongezeni Agnus Dei, ya tano Sanctus. Na msianze na Misa kubwa yenye kwaya nne. Anzeni na ile ya alfajiri, saa 12, ambayo mara nyingi haina kwaya kabisa.